Nilivyowatafsiria Wageni Maneno ya Mama

Swali lililoninyima usingizi kwa miezi minane ni hili: mtu akisimama mbele ya wageni sita, akamwonyesha mwanamke kwa mkono na kusema, "Huyu ni Rosa, mmoja wa wachumaji wa hapa," na mwanamke huyo kweli anaitwa Rosa, na kweli anachuma majani ya chai hapo, je, amesema uongo? Nililipima neno kwa neno. Jina ni lake. Kazi ni yake. Mahali ni hapo. Sikupata hata neno moja ambalo ningeshtakiwa nalo. Nilichoacha ni kwamba Rosa ni mama yangu.

Nimestaafu. Nina miaka ishirini na sita, na najua watu hustaafu wakiwa na mvi, magoti mabovu na saa ya ukutani waliyopewa na kampuni. Mimi nimestaafu na digrii ya historia na koti la mvua ambalo nilipaswa kurudisha. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyechukua beji yangu, kwa sababu hakuna atakayekuelekeza. Watakupa ufunguo na kukuambia utabasamu.

Nyumba umeshaiona: kuta za mawe, paa jekundu la mabati, veranda pana inayotazama michai mpaka macho yachoke. Ilijengewa meneja wa shamba enzi za wazungu, baadaye ikakaa tupu, popo wakaishi humo kwa amani, kisha ikageuzwa nyumba ya wageni, yaani mahali ambapo watu hulipa ili wapigwe na baridi ya Kericho ambayo sisi tumepigwa nayo bure. Ukisimama kwenye veranda ukatazama kushoto, nyuma ya ua wa misaiprasi, utaona mabati ya laini, zile nyumba za wafanyakazi. Nilizaliwa huko. Wazazi wangu walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma majani. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, mama akaendelea kuchuma. Kutoka mlango wa mama mpaka kwenye veranda ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Mimi ilinichukua miaka ishirini na tano, na hata hivyo niliingilia jikoni.

Siku ya kwanza Madam Chepkorir, meneja wa nyumba, alinikalisha ofisini kwake.

"Felix, hapa tunauza nini?"

Nilifikiri sana. Nilifikiri mpaka akaangalia saa.

"Vitanda?" nikasema.

"Stori," akasema. "Kitanda iko kila mahali."

Halafu akanipa historia ya nyumba niisome. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na ile nusu ilikuwa picha ya farasi. Miaka minne chuoni, nikaja kukariri farasi.

Chumba changu, ambacho sasa ni chako, kilikuwa chumba cha viatu vya mzungu. Ndiyo maana kina rafu nyingi na dirisha la ukubwa wa bahasha. Niliwaandikia wenzangu wa chuo kwamba naishi kwa bungalow ya kihistoria. Viatu sikuvitaja. Wao nao walikuwa wakitarmac Nairobi, yaani wakizunguka na vyeti kutafuta kazi, wakanijibu kwa wivu, na nikagundua kwamba wivu wa watu unapasha mwili joto kwa kama nusu saa.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Langat, mpishi na mwasha moto, aliyeajiriwa hapo kabla mimi sijazaliwa. Sikiliza anachosema, kwa sababu hasemi mara mbili. Kwanza, moto. Nyumba ina meko matano ya ukutani, na mvua ya hapa huja saa tisa kama iliyosaini mkataba. Washa saa nane. Ukingoja mvua ianze, bomba la moshi limeshapoa, na moshi wote utarudi sebuleni kuwasalimia wageni. Kabla ya kuni, choma gazeti moja juu kabisa, mdomoni mwa bomba, lipate joto. Tumia mti wa muwati uliokauka. Mkaratusi mbichi utakutoa machozi. Wiki ya kwanza nilisoma juu ya meko kwenye simu, nikachora na mchoro. Mzee Langat aliutazama mchoro, akautia motoni.

"Sasa imefanya kazi," akasema.

Pili, wageni wa machozi. Hawa ni wale ambao babu yao aliwahi kuishi humo. Mmoja alikuja kutoka ng'ambo, akaona lile beseni la kuogea lenye miguu ya simba, akalishika ukingo akalia. Mimi nikasimama pale na taulo, nikijiuliza kama taulo ni ya beseni au ya machozi. Jioni nikamwambia Mzee Langat kwamba ilinigusa.

"Babu yake nilimjua," akasema, akimenya viazi. "Aliniita boi nikiwa na watoto watatu. Hiyo beseni nilikuwa najaza na ndoo, ndoo kumi na moja. Hakuna siku mtu alilia."

Hiyo haiko kwenye ukurasa mmoja na nusu.

Kisha kuna matembezi. Kila mgeni hupewa matembezi matatu. La kwanza ni pikiniki kwenye bwawa, ambapo utabeba kikapu, blanketi na miavuli kumi, na wageni watakuambia mbingu iko safi. Usiwabishie. Mvua ya mawe ikianza, wafunike na blanketi na uokoe keki. Keki imeandikwa kwenye orodha ya stoo, wageni hawamo. La pili ni kwenda Kericho mjini kununua zawadi. Watakuuliza majani mazuri ya hapa yanauzwa wapi, nawe utawapeleka supamaketi, kwenye rafu ya pakiti zile zile ambazo mama zetu wote hununua, huku mkiwa mmezungukwa na vilima vya chai pande zote nne. Mmoja aliniuliza yale mazuri yenyewe yako wapi. Nikamwambia yamekwenda kwao. Alicheka. Sikuwa nimetania.

La tatu ndilo lililonistaafisha. Linaitwa Asubuhi na Mchumaji.

Unajua, au utajua kesho saa moja asubuhi, kwamba shambani siku hizi hachumi mtu. Inachuma mashine. Watu wawili wanaishika huku na huku, inanguruma kama bodaboda iliyokwama kwenye matope, na inameza mstari mzima kabla mwanamke hajafunga aproni yake. Mashine zilipokuja, wanawake wengi wa laini walirudishwa nyumbani. Lakini wageni hawataki picha ya mashine. Wanataka mwanamke mwenye kikapu mgongoni, kilemba kichwani, na ukungu. Madam Chepkorir akatenga ekari moja chini ya ua isiingie mashine, akamwambia nyapara amletee wachumaji watatu wa mkono kati ya wale waliokuwa wamefukuzwa. Yaani waliachishwa kazi ya kuchuma, wakaajiriwa kazi ya kuonekana wakichuma. Masharti yakawa mawili: vikapu vya zamani badala ya mifuko, na yeyote asishike simu mbele ya wageni.

Nilikuwa na miezi minne kazini siku nilipowateremsha wageni kwenye ekari hiyo mara ya kwanza. Wachumaji walikuwa wameinama. Wa kwanza alikuwa Mama Chebet, jirani yetu wa laini. Wa pili sikumjua. Wa tatu akainua kichwa, na alikuwa mama.

Hatukuwa tumepanga chochote. Hakuniambia kwamba ameitwa. Mimi nami sikuwa nimeenda laini tangu nihamie chumba cha viatu. Akipiga simu nilimwambia niko na wageni, na Jumapili, ambayo angenikuta kanisani, ndiyo siku yenye wageni wengi zaidi. Alinitazama, akatazama beji, akatazama wale wageni sita. Akangoja.

Hapo ndipo niliposema ile sentensi ya Rosa.

Nilikuwa na sababu, na niliitunza vizuri. Mkataba wangu, ukurasa wa tatu, unasema mfanyakazi wa nyumba hatakuwa na jamaa anayefanya kazi katika eneo la nyumba. Niliusoma ukurasa huo zaidi ya nilivyowahi kusoma kitabu chochote chuoni. Nikisema huyu ni mama, nilijiambia, mmoja wetu atafukuzwa, na atakuwa yeye, na akikosa kazi atakosa na chumba cha laini. Kwa hiyo namlinda. Mtu mwoga akipata kifungu cha mkataba hulala nacho kama blanketi, ila mimi hata kulala sikulala.

Kazi yangu kwenye ekari ilikuwa kutafsiri. Wageni wanauliza kwa Kiingereza, mimi nauliza kwa Kiswahili, mama anajibu, mimi napeleka jibu. Alianza kwa upole. Aliwaonyesha namna ya kulaza ufito juu ya michai ili ujue kimo cha kuchuma, akawafunza majani mawili na kichipukizi, akawasifu wakileta majani makuukuu ambayo karani wa kiwandani angewatupia usoni. Wakigeuka kupiga picha, alimwaga majani yao chini ya mchai na kuyafunika na mguu. Halafu, wiki zilivyosonga, akaanza kujibu mambo ambayo hakuulizwa.

"Muulize kama ana watoto," mgeni mmoja akaniambia.

Nikamuuliza.

"Niko naye mmoja," mama akasema, mikono ikiendelea. "Nilimsomesha na haya majani. Sasa amekuwa mtu mkubwa, anawasha moto ya watu."

Nikatafsiri: ana mtoto mmoja, anayefanya kazi ya hoteli, na anamjivunia.

"Na anamwona mara nyingi?"

"Namwona," mama akasema. "Ni yeye hanioni."

Nikatafsiri: ndiyo, mara nyingi.

Mama Chebet akakohoa ndani ya kikapu chake. Nilifikiri ni ukungu.

Iliendelea hivyo. Kila Jumanne na kila Ijumaa nilisimama kati ya mistari nikilainisha maneno ya mama yangu kama mtu anayepiga pasi nguo yenye kiberiti mfukoni. Nilianza kuwa na ustadi. Aliposema mtoto wake ana kichwa kikubwa na shingo nyembamba, niliwaambia ni kijana msomi.

Sasa, wewe umekulia huku, unajua mwanamke mwenye mtoto haitwi jina lake. Laini nzima mama ni Mama Felix. Wengine hata hawajui kuwa anaitwa Rosa. Madam aliwaagiza wachumaji watumie majina mafupi mbele ya wageni, na kwa miezi kadhaa walijizuia. Lakini Ijumaa moja nyuki walitoka kwenye mchai karibu na mama, na Mama Chebet, mistari mitatu mbali, akasahau maagizo.

"Mama Felix! Toka hapo! Mama Felix!"

Mama akatoka. Nyuki wakaenda zao. Mgeni mmoja, bibi mwenye kofia ya nyasi, akanitazama kifuani, akasoma beji, akaniuliza kwa nini yule ameitwa Mama Felix.

Ningeweza kusema wakati huo. Nilikuwa nimeulizwa moja kwa moja, kwa heshima, na mtu ambaye angefurahi kujua. Nikasema watu wa hapa hupenda jina hilo, Felix wako wengi.

Mama hakuhitaji tafsiri. Aliinama, akashika kichipukizi, akakivunja polepole.

"Eeh," akasema. "Wako wengi. Wangu alienda shule, hakurudi."

Wageni wakaniangalia, wakingoja. Nikawaambia mama huyo anasema nyuki wa hapa si wakali.

Siku hiyo sikuwasha moto vizuri. Moshi ulijaa sebuleni na Mzee Langat akaja kufungua madirisha.

"Wewe unasumbuliwa na nini?"

Nikamweleza yote, na ukurasa wa tatu nikamsomea kwa moyo, na koma zake. Alisikiliza mpaka mwisho. Ni mtu mvumilivu. Amejaza beseni kwa ndoo.

"Shuka za hapa zinafuliwa na nani?" akaniuliza.

"Mama Kiprono."

"Mama Kiprono ni bibi ya nani?"

Mama Kiprono ni mke wake.

"Na watchman ni nani ya Madam?"

"Binamu," nikasema, kwa sababu nilijua, kila mtu anajua.

"Hiyo karatasi walitoa kwa hoteli ingine, wakabadilisha jina juu. Ungeuliza." Akapepea moshi kwa kitambaa. "Lakini ungeuliza, ungejibiwa. Sasa ungejificha wapi?"

Naomba usome hapo tena, wewe mwenye beji. Miezi minane nilimlinda mama dhidi ya karatasi ambayo haikuwa ikimtishia. Karatasi hiyo ilikuwa ikinilinda mimi dhidi ya laini. Sikutaka yule bibi wa kofia ya nyasi, ambaye nilikuwa nimemsimulia farasi kwa Kiingereza kizuri, ajue kwamba nilitoka chini ya ua.

Jumanne iliyofuata, wageni walipopanda kwenda kunywa chai, nilibaki kwenye ekari. Mama alikuwa akivua aproni. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye utangulizi.

"Mama, kuna jambo nimekuwa nikilifikiria kwa muda mrefu, na nimeliangalia kwa pande zote..."

"Ongea, nataka kwenda kuteka maji."

"Nisamehe. Nilikuficha."

"Najua."

"Na kwenye kutafsiri, si kila kitu nilikuwa nasema vile ulivyosema."

"Najua. Nimefanya kazi na manyapara wa Kiingereza miaka ngapi? Unafikiri walikuwa wananiita na firimbi?" Akakunja aproni mara mbili. "Hiyo ya nyuki ilikuwa ya ujinga sana, Felix. Hata mzungu aliona."

Kwa hiyo alikuwa akisikia. Kila mara nilipogeuza maneno yake, alikuwa ameinama pale akiyasikia yakigeuzwa. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kazi ya kuigiza kazi aliyofukuzwa, mbele ya kamera, na vile anavyochukia kupigwa picha.

"Wewe ulikuwa umepotea njia ya nyumbani," akasema. "Mimi najua njia ya kazini."

Akachukua kikapu akaenda kuteka maji.

Mchana huo huo nilimwendea Madam Chepkorir, nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Nilimwambia Rosa ni mama yangu, kwamba nilificha, kwamba niko tayari kuadhibiwa. Niliposema "kuadhibiwa" alikuwa tayari ameshika kalamu.

"Mchumaji na mtoto wake," akasema. "Mama kwa shamba, kijana kwa bungalow. Felix, mbona ulikaa na hii kitu?"

"Madam?"

"Hii ndiyo stori. Unawapeleka kama kawaida. Huyu ni Rosa. Wanachuma, wanauliza maswali, unatafsiri. Halafu mwisho kabisa, wakishapiga picha, unasimama, unanyamaza kidogo, unasema, na huyu ni mama yangu." Macho yake yalikuwa na maji. Anamaanisha anachosema, na hilo ndilo linalomfanya kuwa mgumu. "Watalia, nakuambia. Mama anaweza kulia kidogo?"

Kufikia Alhamisi kulikuwa na brosha. Mimi na mama tulikuwa ukurasa wa mbele, tumewekwa pamoja na mtu wa kompyuta, kwa sababu hatukuwa na picha yetu wawili. Mama nilipomwonyesha aliishika mbali na macho.

"Kulia naweza," akasema. "Kazi ni kazi. Kwa hii picha wamenipaka weupe." Kisha akanirudishia. "Wewe ndiye utasema yako. Mimi usiniulize."

Nikafikiria. Unanijua sasa, nilifikiria upande wa kusema na upande wa kutosema. Kama sentensi ni ya kweli, ina ubaya gani kuisema kila Jumanne na Ijumaa? Je, si bora kuliko kuificha? Lakini ili niifichue mwisho, lazima niifiche mwanzo. Ningemkana mama saa moja na nusu na kumkubali saa tatu, mara mbili kwa wiki, mvua isiponyesha. Nilitafuta tundu kwenye hoja hiyo kwa siku nzima. Nimefanya kazi ya kutafuta matundu maisha yangu yote, na hili sikuliona.

Ijumaa saa moja asubuhi niliweka fungu la funguo kwenye meza ya Madam.

"Sitasema, Madam."

"Ni sentensi moja tu, Felix."

"Nitaisema bure."

Alidhani natafuta nyongeza, akaniambia niketi tuongee. Sikuketi. Nikateremka kwenye ekari, ambapo wageni watano walikuwa wamefungwa aproni za plastiki wakingoja kuanza. Sikuwasalimia kwa farasi. Niliwaambia kwa Kiingereza, kisha nikarudia kwa Kiswahili ili wachumaji wote watatu wasikie kutoka kwangu, kwamba yule mwenye kilemba cha samawati ni mama yangu, Mama Felix, kwamba kwa miezi minane nimekuwa nikiwaambia wageni kitu kingine, na kwamba leo hawahitaji mtafsiri kwa sababu Kiingereza chake kinatosha. Hakuna aliyelia. Mgeni mmoja aliuliza kama bado kutakuwa na chai.

Mama alinitazama juu mpaka chini, akawageukia wageni, akawaambia kwa Kiingereza cha nyapara wasimame mstari mmoja na waache kukanyaga mizizi.

Bado yuko hapo. Alimwambia Madam kwamba sasa anafanya kazi ya watu wawili, na jinsi walivyoelewana ni siri yao. Ukifika kwenye ekari, mwamkie kwanza, na usijaribu kutafsiri.

Beji niliivua pale pale. Nikapita pengo la ua, nikashuka zile dakika kumi na mbili mpaka laini. Ufunguo wa chumba cha mama uko kwa Mama Chebet kila mara, lakini Mama Chebet alikuwa ekarini, kwa hiyo nikaketi mlangoni nikachambua mboga alizokuwa ameacha kwenye karai. Majirani walipita wakaniuliza namngoja nani. Nikawaambia namngoja mama.